Gari la pili, buti kubwa: vidokezo vya kununua stesheni wagoni ya zamani

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina gari moja zuri ambalo wenyewe wanaliogopa. Linakwenda kazini, kanisani au msikitini, na harusini. Siku ya kubeba mifuko mitano ya saruji, au ya kurudi na mananasi kutoka Kiwangwa, gari hilo linabaki limefunikwa uani na kirikuu inakodiwa. Ukiwa na gari la pili la bei ndogo, lenye buti ya maana na viti ambavyo havikuumizi roho vikimwagiwa uji, adha hiyo inakwisha. Na kwa mfuko wa mtu wa kawaida, sioni umbo la gari linalobeba mengi kwa mafuta kidogo kuliko stesheni wagoni.

Ila stesheni wagoni za bei hiyo ni za zamani: miaka 15, 20, wakati mwingine zaidi. Katika umri huo mwaka wa kutengenezwa haukuambii mengi. Magari mawili yaliyotoka kiwandani wiki moja, leo moja ni zima na jingine ni gofu, kwa sababu moja lilikuwa likipeleka watoto shule na jingine lilikuwa likipakia abiria tisa kila alfajiri. Kwa hiyo uliza kwanza gari lilikuwa likifanya kazi gani, na mikononi mwa nani. Rangi, rimu na redio vitafuata.

1. Litafutie kazi kabla hujalitafuta lenyewe

Chukua karatasi, andika kazi ambazo gari hili litafanya kila wiki. Kupeleka watoto shule? Basi kiti cha nyuma kiwe kiti kweli, na mikanda yake yote ifunge. Mzigo wa duka? Tafuta sakafu bapa na mlango mpana wa nyuma. Shamba Mkuranga? Angalia nafasi kati ya gari na ardhi, na fikiria 4WD. Kama karatasi imebaki na sentensi moja tu, kwamba "litatusaidia", subiri kwanza. Gari lisilo na kazi linapaki, na gari linalopaki linaharibika: betri inakufa, tairi zinapasuka ubavuni, panya wanatafuna nyaya.

Halafu nenda kukagua magari ukiwa na futi mfukoni. Kama una biashara ya chipsi, pima kabati la vioo nyumbani kabla hujatoka. Kama unabeba friza, pima friza. Macho hudanganya sana kwenye buti, hasa ukiwa umeshalipenda gari.

2. Ujue ukoo wake

Toyota walitoa Probox na ndugu yake Succeed mwaka 2002, kuchukua nafasi ya van za Corolla na Caldina. Yalibuniwa kwa ajili ya watu wa makampuni wanaozunguka mchana kutwa na sampuli za bidhaa: ndani ni plastiki tupu, kwenye dashibodi kuna kimeza kinachochomolewa cha kuwekea makaratasi, na nyuma kuna sakafu iliyonyooka. Wakenya wameipa Probox sifa ya pekee kwa kubebea miraa kutoka Meru, kwa mwendo ambao haupaswi kumshawishi mtu mwenye akili zake. Ukiambiwa gari lilikuwa kwenye kazi hiyo, aga kwa heshima uondoke.

Hapa watu wengi huchanganya mambo: si kila Probox ni moja. Kuna van, iliyosajiliwa Japani kama gari la mizigo, yenye kiti cha nyuma chembamba na egemeo fupi. Mtoto wa darasa la tatu atavumilia hadi Mlimani City, mama mkwe hatavumilia hadi Kibaha. Na kuna wagon yenyewe, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu. Zinafanana ukiziona kwa nje. Soma herufi za chesisi: NCP50 na NCP51 ni van za cc 1300 na 1500, NCP55 ni van ya 4WD, NCP58 na NCP59 ni wagon, ya mwisho ikiwa 4WD. Muuzaji akikwambia "zote ni Probox, bosi", mwombe afungue boneti usome mwenyewe.

Corolla Fielder ni gari la familia zaidi. Ile ya 2000 hadi 2006, maarufu kama NZE121 ikiwa ya cc 1500, ina injini ya 1NZ ileile ya Probox ya cc 1500 na giaboksi ya otomatiki ya kawaida. Iliyofuata, NZE141, ni nzuri zaidi kwa sura na utulivu, lakini nyingi zina giaboksi ya CVT, na hilo ni suala nitakalolirudia kwenye mambo ya oili. Kama kuna Fielder ya cc 1800 ya miaka ya mwanzo, injini yake ya 1ZZ inajulikana kwa kula oili; usiinunue kabla hujafahamu inakunywa kiasi gani kwa mwezi.

Nissan AD na Wingroad zina bei ya kuvutia, na kwa mtu anayetaka kuzitumia mpaka mwisho wake zinafaa. Kwa anayetaka kuuza baada ya miaka miwili, hapana. Caldina ni gari tamu barabarani, ila ile ya kuanzia 2002 yenye cc 2000 isiyo na turbo ina injini ya D-4, inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa. Mafuta machafu yanaitesa, na mafundi wengi wa mitaani wanaikimbia. Chukua ya cc 1800. Subaru Legacy inashika barabara kuliko zote nilizozitaja na inakunywa kuliko zote vilevile; ni gari la mtu ambaye tayari ana fundi wa Subaru kwenye simu.

Mimi ningechagua nini? Nyumba yenye watoto, NZE121 iliyotunzwa. Nyumba yenye duka, Probox van. Nyingine zote zinahitaji sababu maalumu.

3. Uliza bei ya spea kwanza

Kabla hujaongea na muuzaji yeyote, pita Gerezani pale Kariakoo au Shauri Moyo, Ilala. Ukiwa Nairobi, nenda Kirinyaga Road. Uliza vitu vitatu kwa kila gari unalolifikiria: taa ya mbele, shokapu za nyuma, na kioo kikubwa cha mlango wa nyuma. Hicho cha mwisho ndicho watu wanachosahau. Stesheni wagoni ikirudishwa nyuma kizembe, kinachopasuka ni kioo hicho, na kwa baadhi ya magari kukipata ni safari ya wiki nzima.

4. La hapa hapa au la kuagiza?

Kwa gari la umri huu, la hapa hapa. Tanzania haikatazi kuingiza gari kuukuu, lakini gari dogo likifikisha miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu, na umri ukizidi ushuru nao unapanda. Weka gari unalolitaka kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni uone. Mara nyingi ushuru unaikaribia au kuipita bei ya gari lenyewe. Kenya wamefunga mlango kabisa: gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliingizwi, kwa hiyo huko stesheni wagoni ya zamani ni ile ambayo tayari ina namba ya Kenya.

Kuhusu namba: sokoni kwetu gari huitwa kwa herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho. "Ni namba C safi." "Hii namba D, mzee, siyo ya kuipigia kelele." Herufi hiyo inakuonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, haionyeshi lilitengenezwa lini. Fielder ya 2004 inaweza kuwa na namba D kwa sababu iliingia nchini 2017, na nyingine ya mwaka uleule ikawa namba B. Ya namba D imeepuka miaka mingi ya mashimo yetu, kwa hiyo bei yake kuwa juu ni haki. Lakini namba B iliyokuwa ya mwalimu mstaafu wa Moshi, ikiwa na daftari la matengenezo, mimi naichukua mbele ya namba D iliyopita kwa madereva wanne wa kukodi.

5. Jifunze lugha ya dalali

Dalali si adui, anatafuta riziki. Ila ana msamiati wake, na unahitaji kuuelewa.

"Ni kuwasha na kuondoka" maana yake linawaka. "AC kipupwe" maana yake itakuwa baridi asubuhi. Jaribu saa nane mchana. "Injini haijaguswa" inaweza kuwa sifa, na inaweza kuwa maungamo kwamba oili haijabadilishwa. "Limepigwa rangi kidogo tu kupendezesha" uliza ni upande gani, na kwa nini upande huo. "Lilikuwa la mama mmoja wa benki" ni wimbo wa zamani. Yule mama wa benki ameuza magari mengi kuliko yadi yoyote mjini.

Kuna sentensi moja ambayo ni njema kweli: "mwenyewe yupo, njoo uongee naye." Mmiliki akiwepo, muulize maswali ya kawaida, ya maongezi tu. Ulikuwa unalifanyia kazi gani? Fundi wako yuko wapi? Mara ya mwisho ulinunua tairi lini? Aliyeishi na gari anajibu bila kufikiri, na mara nyingi atakutajia ubovu mwenyewe: "kioo cha nyuma kushoto kinagoma kidogo". Ubovu mdogo uliotajwa bila kuulizwa ni dalili nzuri kuliko sifa kumi.

6. Soma karatasi zilizobandikwa na Wajapani

Fungua mlango wa dereva, chuchumaa, tazama ukingo wa mlango na nguzo yake. Mara nyingi utakuta kistika kilichofifia, chenye maandishi ya Kijapani na tarakimu zilizoandikwa kwa kalamu. Ni kumbukumbu ya gereji ya Japani: oili ilimwagwa tarehe gani, gari likiwa na kilometa ngapi. Wauzaji wengi hawakibandui kwa sababu hawajui kinasema nini.

Mwaka huandikwa kwa kalenda yao ya wafalme. Kwa magari ya umri huu ni enzi ya Heisei, iliyoanza 1989 na kuishia 2019; chukua namba ya mwaka ujumlishe 1988. Ukiona 22.5.14, soma 14 Mei 2010. Pembeni pameandikwa 96,400 km. Sasa inua macho utazame dashibodi. Kama inaonyesha 81,000, mtu amezirudisha kilometa nyuma, na hapo unaweza kufunga mlango taratibu ukaenda zako, au ukabaki na kuanza mazungumzo upya kwa bei nyingine kabisa.

Kama hakuna kistika, vipo vitu vingine visivyojua kusema uongo. Kanyagio la breki lililolika mpira hadi likaonyesha chuma si la gari lililotembea kilometa 70,000 tu. Usukani uliong'aa upande wa kulia, kiti cha dereva kilichobonyea upande wa kutokea, swichi za vioo zilizofutika maandishi: hesabu vyote pamoja. Angalia pia alama ndogo zilizochapwa kwenye pembe ya kila kioo. Vioo vya kiwandani kwa kawaida ni vya mtengenezaji mmoja. Kimoja kikiwa na chapa tofauti, uliza mlango huo ulikutana na nini.

Kwenye van utaona pia nyuma kumebandikwa maneno ya Kijapani na "400 kg". Hicho ndicho kiasi cha mzigo kinachoruhusiwa gari likiwa na watu wawili mbele. Magunia manne ya kilo mia, basi. Ukikuta van yenye stika hiyo na springi za nyuma zilizoongezwa unene, unajua kwamba kuna mtu alikuwa hasomi.

7. Anza ukaguzi nyuma

Kila mtu hukimbilia boneti. Kwa stesheni wagoni, mimi naanzia kwenye buti, kwa kuwa kazi zote za gari zimeandikwa humo.

Inua mlango wa nyuma hadi katikati, halafu uachie. Ukipanda wenyewe na kubaki juu, vile vibomba viwili vya gesi bado vina nguvu. Ukikurudia kichwani, tazama pembeni: utaona kipande cha mpini wa fagio ambacho mwenyewe amekuwa akiusimamishia mlango. Si ubovu wa kukataa gari, ila ni wa kupunguza bei.

Juu, karibu na bawaba, kuna mpira mweusi wenye mikunjo. Ndani yake zinapita nyaya zinazotoka kwenye bodi kwenda mlangoni: taa ya namba, waipa ya nyuma, kufuli, joto la kukausha kioo. Mlango unapofunguliwa na kufungwa kwa miaka 20, nyaya hizo zinapinda palepale kila siku, na ganda lake linapasuka. Washa taa na waipa ya nyuma, kisha upandishe na kuushusha mlango polepole. Taa ikipepesa au waipa ikisita, nyaya zimekatika humo. Fundi umeme akijua pa kutafuta, ni kazi ya saa moja. Asipojua, atafungua dashibodi nzima.

Sasa toa zulia, inua ubao, tazama shimo la tairi ya akiba. Maji yaliyotuama yanamaanisha mpira wa mlango au wa taa unavujisha. Bati lenye mikunjo isiyolingana kushoto na kulia, au alama za kuchomelea, zinamaanisha gari liligongwa nyuma. Vumbi la saruji kwenye pembe utalisamehe. Harufu ya samaki usiisamehe: gari lililobebea samaki kutoka Feri limekunywa maji ya chumvi sakafuni, na kutu yake huanzia ndani ikitoka nje, pale usipopaona.

Tukiwa kwenye chumvi: Tanga, Dar, Zanzibar na Mombasa hewa yenyewe inakula bati. Na zile za 4WD nyingi zilitumika sehemu za theluji za Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi. Kwa hizo, kuangalia chini si hiari.

Mwisho, rudi nyuma hatua kumi, chuchumaa, linganisha nafasi kati ya tairi na bodi pande zote mbili. Gari lililoinamia nyuma likiwa tupu limechoka mgongo.

8. Fika asubuhi, bila kuchelewa

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, shika boneti. Ikiwa ya moto, kuna jambo alilotaka kulimaliza kabla yako, na unaweza kumwambia utarudi kesho.

Injini ikiwa baridi ndipo inaposema kweli. Mwenzako asimame nyuma wakati unawasha. Moshi wa bluu: inachoma oili. Mweupe mzito usiokoma hata baada ya kupata moto: maji yanaingia kwenye silinda. Mweusi: mafuta yanazidi. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utandu mweupe mzito chini yake, oili na maji vimekutana. Kabla ya kuwasha, fungua rejeta pia. Maji ya kahawia yenye kutu ni ya mtu aliyejazia ya bomba miaka yote badala ya kulenti, na huyo ndiye mmiliki wa kumkwepa.

Injini ya 1NZ inatumia cheni, si mkanda wa taimingi, kwa hiyo sikiliza mkwaruzo wa sekunde chache baada ya kuwaka. Corolla wagon za miaka ya tisini, Caldina za zamani na Legacy zinatumia mkanda. Kama hakuna anayejua ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Kwenye Subaru nyingi mkanda ukikatika, vali zinagongana na pistoni, na utakuwa umenunua injini ya pili.

9. Endesha pabaya

Usikubali kuzungushwa kwenye lami mpya. Tafuta matuta, kipande cha vumbi, kilima kimoja, na foleni. AC iwe imewashwa, redio imezimwa. Kwa redio usihangaike: za Japani zinaanzia FM 76 na nyingi zinaishia 90, ndiyo maana hazikamati stesheni nyingi za huku.

Kwenye matuta sikiliza mlio wa chini: bushi na linki ni bei ndogo, stelingi ikigonga ni bei nyingine. Weka gia ya D, kisha R, ukiwa umekanyaga breki; gari liitikie mara moja na bila kupiga teke. CVT ikitetemeka unapoanza kuondoka au ikilia kadiri unavyoongeza mwendo, shuka. Kwenye foleni angalia geji ya joto. Gari ambalo halichemki saa kumi na moja jioni Ubungo halitachemka Chalinze.

10. Fundi awe wako

Mlipe mwenyewe, na mlipe hata kama gari hukulinunua. Fundi anayetegemea "hela ya soda" kutoka kwa muuzaji hana sababu ya kukuharibia biashara. Aliingize kwenye shimo la gereji, aliangalie chini kwa tochi, achomeke mashine ya kusoma hitilafu. Taa ya injini iwake unapofungua swichi na izime gari likiwaka. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameitoa balbu au ameizima.

11. Kadi, madeni na majina

Hapa sina utani. Kadi iwe halisi, na namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi ilingane nayo tarakimu kwa tarakimu. Jina la kwenye kadi liwe la mtu aliyesimama mbele yako na kitambulisho chake cha NIDA. "Nilinunua kwa jamaa, sikubadilisha jina" ni jambo la kawaida sana, na dawa yake ni moja: huyo jamaa apatikane. Kama mwenye kadi amefariki, hununui mpaka uone karatasi za mirathi. Familia inaweza kuwa imekubaliana leo na ikavurugana mwezi ujao, na gari litakuwa kwako.

Angalia deni la faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi na deni la maegesho. Yote yanasomeka kwa namba ya gari. Angalia TRA kama kadi haijafungwa na mkopo. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo anayekudai ulipie "road license ya mwaka huu" anakutafutia hela. Mkataba wa mauziano upite kwa wakili, malipo yapite benki, na jina libadilishwe wiki hiyohiyo. Kenya utafutaji wa mmiliki unafanyika kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen, na huko mikopo ya kuweka logbook rehani imeenea, kwa hiyo usiuruke.

12. Usimalize hela zote kwenye gari

Kama una milioni kumi, nunua gari la milioni nane. Zilizobaki zina kazi tayari wiki ya kwanza: oili ya injini na filta, filta ya hewa, plagi, oili ya breki, kulenti, na betri kama ni ya kubahatisha.

Oili ya giaboksi nisiipite haraka. Otomatiki ya kawaida ya NZE121 inataka hidroliki ya Toyota aina ya T-IV. CVT ya NZE141 inataka oili ya CVT, na hakuna mbadala. Giaboksi nyingi za CVT zilizokufa mitaani kwetu ziliuawa na mtu mwenye nia njema na kopo la hidroliki ya kawaida. Simama pale, soma kopo mwenyewe kabla halijafunguliwa.

Tairi nazo zina umri. Ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi yenye vishimo vizuri inaweza kuwa imekauka. Kwa van ya mzigo weka tairi za mzigo, zenye alama ya LT au C, wala si zile laini za saluni.

13. Ndugu watakuja

Gari zuri hakuna anayeliazima. Watu wanaona haya. Stesheni wagoni haina bahati hiyo. Mwezi wa kwanza utapigiwa simu ya kuhamisha kitanda, wa pili ya kupeleka masufuria kwenye shughuli Mbagala, na msiba ukitokea gari lako litahesabiwa kwenye usafiri kabla hujaulizwa. Ni sehemu ya maisha yetu na sidhani inafaa kuikwepa, ila panga mapema.

Ukikata bima ndogo, kumbuka inamlipa uliyemgonga, hailipi gari lako. Kwa gari la bei hii wengi huridhika nayo, nami naona ni sawa, ilimradi anayeazima ajue. Omba kuona leseni, hata ya shemeji. Mwonyeshe kitasa cha mlango wa nyuma kinavyofungwa mpaka kisikike, kwa sababu mlango ukifunguka barabarani na masufuria ya watu ndani, hakuna bima ya hilo. Tanki lirudi lilivyoondoka. Na funguo ya pili ibaki nyumbani daima, kwani simu ya "shemeji, nimefungia funguo ndani" huwa inakuja saa nne usiku.